Mlaji wa Mwani

Asimamaye Endagikot, katika nyanda za juu za Mbulu, bahari haioni. Lakini akiteremka mashariki kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, atayakuta maji ya chumvi ya Ziwa Manyara, ziwa la magadi lisilo na mto wa kuyatoa maji yake. Humo huota mwani mdogo mno, ambao kwa wingi wake huyageuza maji kuwa kijani. Mlaji wake mkubwa ni heroe mdogo, ndege wa rangi ya waridi, auchujaye kwa mdomo wake.

Sisi wa visiwani mwani kwetu ni riziki tangu ulipoanza kulimwa Unguja kwa biashara mwaka 1989. Yuko lakini aliyeuona kuwa adui: mfuga samaki katika tangi la kioo.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watazamaji. Robert Warington na Philip Henry Gosse walikuwa wakijaribu kuweka viumbe wa baharini pamoja na mimea yao, ili kila upande uutunze mwingine. Haukupita muda, kioo kikafunikwa na utando wa kijani. Dawa yao ikawa konokono, waukwanguao utando huo kwa ulimi. Mwaka 1871, katika Crystal Palace, William Alford Lloyd aliongeza dawa ya giza: maji yalizungushwa kutoka hifadhi kubwa iliyofichwa chini, mbali na jua. Wafugaji wa leo hupunguza mwanga, hawazidishi chakula, hubadilisha sehemu ya maji na huweka samaki wala mwani. Kanuni ni moja: mwani hulelewa na jua na mabaki yaozayo, na huzuiwa na mlaji.

Kanuni hiyo haikuzaliwa ndani ya kioo. Mwaka 1998 joto lilipausha matumbawe katika Bahari ya Hindi, na mengi yakafa. Juu ya tumbawe lililokufa mwani huwahi kuota. Tumbawe changa hupata pa kushika pale tu chafi, pono na kangaja walipoukwangua. Ndiyo maana kisiwa cha Chumbe, ambako uvuvi umezuiwa katika mwamba wake wa magharibi tangu 1994, kina la kutufunza.

Hata hivyo mlaji naye ana kikomo. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa Manyara, na watafiti wakaushuku mwani wenye sumu. Basi haitoshi kumhifadhi mlaji tukiyaachia maji yaharibike.

Tangi lina mwenyewe, naye huliosha. Bahari yetu haina wa kuiosha ila hao samaki tuwavuao, nasi kwa miaka mingi tumeyaelekeza humo maji machafu ya Mji Mkongwe. Tunampunguza mlaji huku tukiulisha mwani. Kisha twauliza matumbawe yamekwenda wapi.