Upande wa Kivuli

Mdogo wangu alizaliwa na ualbino, na bibi ndiye aliyempangia njia zake za Mji Mkongwe. Kwenda chuoni walipita vichochoro vyembamba, upande wa kivuli, hata ikiwa safari itazunguka. Alimshonea kofia ya ukili yenye ukingo mpana na kanzu ya mikono mirefu. Melanini hakuijua, alijua ngozi ile haina ngao.

Tabu ilikuwa shamba. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje, mwaka 1989, shangazi zetu walishinda pwani maji yakitoka, jua likiwapiga kutoka juu na kutoka kwenye mchanga mweupe. Mdogo wangu alilia kuwafuata. Bibi alikataa katakata: akamkalisha chini ya makuti, afunge mbegu kwenye kamba.

Mafuta ya kukinga jua yalitufikia baadaye sana. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilifunguliwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi mwaka 1992, na huko ndiko mafuta ya Kilisun yalikoanza kutengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mdogo wangu huanza kuyapaka masikioni na nyuma ya shingo, mahali wengi husahau. Kisha huvaa kofia. Ile ya bibi imechakaa. Hii ameishona mwenyewe.