Nyayo, Ramli na Ushahidi: Riwaya ya Upelelezi katika Utamaduni Wetu

Miongoni mwa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa na watu wengi bila ya kuamriwa na mwalimu wala kusukumwa na mtihani, hadithi za upelelezi zina nafasi ya mbele. Vitabu hivyo vilipita mkono kwa mkono, bwenini, garini na dukani, hata majalada yakachakaa na kurasa za mwisho zikapotea. Pamoja na kupendwa huko, wataalamu wengi waliviita fasihi pendwa, kwa maana ya fasihi ya kupitishia wakati, na walimu wengi waliviona kuwa ni adui wa masomo. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi aina hii ya hadithi ilivyoingia na kukua katika lugha yetu, na kuonyesha kwamba ndani yake mna jambo moja ambalo taifa lina haja nalo: desturi ya kutomhukumu mtu mpaka njia ya kufikia hukumu iwe imeonekana na watu wote.

Tuanze nyumbani. Kibara iko ufukoni mwa Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Bunda, mkoani Mara, kwenye njia iendayo Kisorya na kivuko cha Ukerewe. Upande mmoja ni ziwa na wavuvi wake. Upande wa pili ni nchi ya wakulima na wafugaji. Katika mkoa huu upelelezi haukuletwa na vitabu. Ng'ombe walipoibwa usiku, yowe lilipigwa, na vijana wakashika njia kufuata nyayo. Mtu aliyezoea kazi hiyo alijua kutenga unyayo wa jana na wa leo kwa kuangalia umande na kingo za udongo. Nyayo zilipoingia katika ardhi ya kijiji, wenyeji walitakiwa waonyeshe mahali zilipotokea. Wakishindwa, deni la ng'ombe likawa juu yao.

Desturi hiyo ina hekima na ina upungufu. Hekima yake ni kwamba madai hayakutegemea maneno matupu, bali alama iliyoachwa ardhini, ambayo mdai na mdaiwa waliweza kuinama wakaitazama pamoja. Upungufu wake ni kwamba nyayo zilitaja kijiji, hazikumtaja mwizi. Wengi walilipa kwa kosa la mmoja. Hatua iliyobaki, yaani kutoka kijiji hadi kwa mtu mwenyewe, ndiyo kazi hasa ya mpelelezi.

Ilikuwapo njia nyingine ya kutafuta kilichofichika, nayo ni ramli. Mtu alipofiwa ghafla, au mtumbwi ulipozama na wavuvi wasirudi, baadhi ya watu walikwenda kwa mpiga ramli kuuliza ni nani aliyefanya. Ramli na upelelezi hufanana kwa jambo moja: zote mbili huahidi kufichua siri. Lakini hutofautiana kwa jambo lililo kubwa zaidi. Mpiga ramli hutoa jina wala haonyeshi njia aliyopita kulipata. Mpelelezi hana budi kuonyesha njia yake hatua kwa hatua, ili mtu mwingine aweze kuipita na kuona kama inafika pale pale. Tuishike tofauti hii, maana ndiyo itakayotuongoza katika historia inayofuata.

Hadithi za mafumbo na hatari zilikuwapo zamani katika fasihi za mashariki zilizowafikia watu wa pwani yetu. Katika Alfu Lela Ulela kimo kisa cha Khalifa Harun Rashid aliyemwamuru waziri wake Jaafar amtafute muuaji kwa siku tatu, au auawe yeye. Jaafar hakupeleleza, alikaa nyumbani akingoja ajali yake, na muuaji akajitokeza mwenyewe akakiri. Hapo ukweli ulikuja kwa majaaliwa. Hadithi ambayo ndani yake ukweli hutafutwa kwa hoja ilikuja baadaye, katika karne ya 19, miji mikubwa ilipopata polisi na magazeti. Mmarekani Edgar Allan Poe alitoa mfano wa kwanza uliojulikana sana mwaka 1841, na Mwingereza Arthur Conan Doyle akamtambulisha Sherlock Holmes kwa wasomaji mwaka 1887.

Katika Kiswahili, vilitangulia vitabu vya safari na hazina. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alishughulika na kufasiri vitabu vya Kiingereza kwa ajili ya shule. Humo tulipata Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Suleimani cha H. Rider Haggard. Wanafunzi wa wakati ule walivipenda, na si ajabu, maana mtoto wa popote hupenda ramani na pango. Hata hivyo, tusisahau hali ya kitabu kama kile cha Haggard: shujaa mwenye kufikiri na kuamua ni mgeni, na nchi ya Waafrika ni mahali pa kupita na kuchukua mali. Msomaji wetu alifundishwa taharuki, lakini aliipata kwa kusimama nyuma ya mtu mwingine.

Mabadiliko yalitoka Unguja. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1938, akafanya kazi miaka kumi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti. Mswada wake, Mzimu wa Watu wa Kale, ulipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, ukachapishwa mwaka 1960. Huyo ndiye aliyetupa Bwana Msa, mvuta kiko mwenye utulivu, pamoja na rafiki yake Najum. Wasomaji wa Conan Doyle walimtambua mara moja kuwa ni ndugu wa Holmes. Hilo si la kuficha wala la kuonea haya: mbegu ikitoka mbali, mmea hula udongo wa pale ulipopandwa.

Tuutazame udongo huo. Maiti yakutwa mahali pa mzimu. Kwa watu wengi jambo limekwisha: mzimu umekasirika. Bwana Msa hawacheki watu hao, wala hatoi hotuba juu ya ushirikina. Huuliza tu nani alikuwa wapi, nani alimwona nani, na nani angefaidika. Mwisho wake mkono uliotenda hupatikana kuwa ni mkono wa binadamu. Katika Kisima cha Giningi, kilichochapishwa mwaka 1968, mwandishi alifanya vivyo hivyo kwa kulitwaa jina ambalo watu wa Unguja hulihusisha na mahali pa wachawi. Kwa maoni yetu si sadfa kwamba mwandishi huyu aliwahi kuwa mtu wa afya. Anayekagua visima na mifereji huzoea kujua kwamba ugonjwa una chanzo, na kwamba chanzo hutafutwa kwa macho na swali.

Vitabu vya Bwana Msa viliendelea: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Jina la hicho cha mwisho lina somo peke yake: mpelelezi naye aweza kukosa, na kosa lake laweza kusemwa hadharani. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991, akituachia Kiswahili chenye ladha ya Unguja na mzaha usioumiza.

Bara nako hakukukaa kimya. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na kwa kitabu hicho fumbo likahamia Dar es Salaam, mji wa simu na magari. Eddie Ganzel na wengine wakafuata. Wakati huo Tanzania ilikuwa katika juhudi kubwa ya kufuta ujinga. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1977 ikaja elimu ya msingi kwa wote. Mtu akishajua kusoma hutaka kitu cha kusoma, na si kila siku atataka kitabu cha mbolea. Hadithi ya upelelezi ilimpa sababu ya kufungua ukurasa wa pili. Huduma hiyo kwa lugha ya taifa ni kubwa.

Mwaka 1974 Elvis Musiba alichapisha Kufa na Kupona, na shujaa wake Willy Gamba akajulikana Afrika Mashariki nzima. Hapa mpelelezi amekuwa jasusi wa nchi yake, naye anafuatilia nyaraka za Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilizoibwa. Kamati hiyo kweli ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, tangu mwaka 1963 hadi ilipomaliza kazi yake mwaka 1994. Kijana aliyezoea kumfuata mgeni wa Haggard sasa alimfuata Mwafrika anayeilinda Afrika. Baada ya Musiba akaja Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, pamoja na Joram Kiango wake.

Haki inataka tuseme na ubaya. Katika nyingi ya hadithi za kundi hili la pili, ngumi na bastola zilichukua nafasi ya swali. Wanawake wengi humo ni chambo au ni pambo. Mahoteli na magari husifiwa kupita kiasi, kama katika vitabu vya James Hadley Chase na Ian Fleming vilivyouzwa sana mijini. Kwa hiyo mwalimu asiyependa kumpa mwanafunzi kila kitabu chenye bastola juu ya jalada ana sababu. Lakini dawa ya kitabu hafifu ni kitabu kizuri na mazungumzo juu yake, wala si kuchoma ghala lote kwa sababu ya panya.

Sasa turudi mkoani, maana hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 na hata baada yake, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, lakini sheria haikuwazuia wauaji. Mara nyingi alama iliyotajwa ilikuwa macho mekundu. Tuifikirie alama hiyo kama Bwana Msa angalivyoifikiria. Macho ya mama huyu ni mekundu, ni kweli. Yamekuwaje mekundu? Amepika maisha yake yote katika nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi au kwa samadi kavu. Moshi umemla macho huku akiwalisha wale wale ambao leo wanamnyooshea kidole. Alama ilikuwapo mbele yao, nao wakaisoma vibaya. Na kwa kuisoma vibaya wakaua.

Tunayo methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunayo nyingine isemayo dalili ya mvua ni mawingu. Ya kwanza hutufanya tuamini uvumi; ya pili hutufundisha kutazama juu. Wahenga walituachia zote mbili, na ni juu yetu kuchagua ipi itutangulie tunapokuwa na msiba ndani na jirani mzee nje. Na tukumbuke kwamba hata dalili ya kweli si hukumu: mawingu huja na kupita bila mvua.

Ndugu walimu, hapa ndipo hadithi ya upelelezi inapoweza kufanya kazi ambayo hotuba haiifanyi. Chukueni kitabu kimoja cha Bwana Msa. Kisomeni darasani mpaka kabla ya sura ya mwisho, kisha kifungeni. Mwambieni kila mwanafunzi aandike anamshuku nani, kwa dalili zipi, na ni jambo gani lingemfanya abadili mawazo. Swali hilo la tatu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Mpiga ramli hawezi kulijibu. Kundi lenye mapanga halijiulizi. Kisha fungueni sura ya mwisho. Wengi watakuwa wamemshuku asiye na hatia. Waulizeni hapo: kama tungaliamua jana, leo tungalimrudishiaje uhai wake?

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu jinsi walivyofuata nyayo za ng'ombe, mkayaandike maarifa hayo kabla hayajapotea. Ng'ambo ya kivuko cha Kisorya, katika Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, kitabu kikubwa juu ya maisha ya watu wake; kwa Kiswahili kilichapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Alingoja miaka 35, lakini aliandika. Kiswahili bado kinangoja mpelelezi aliyezaliwa ufukoni mwa ziwa hili, ajuaye umande, udongo na moshi wa jikoni, atakayesimama mlangoni kwa bibi kizee mwenye macho mekundu na kuwaambia waliokusanyika: ngojeni kwanza, tutazame.