Daftari la Mitumbwi: Historia ya Walinzi wa Ziwa Edward

Ukisimama Mutwanga, ziwa hulioni. Unachokiona ni Ruwenzori nyuma yako, theluji yake ikijitokeza asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, na mbele yako bonde la Semliki lililojaa joto. Lakini maji ya ziwa yanapita pale bondeni kila siku. Semliki hutoka Ziwa Edward pale Ishango, hupokea mito ya mlima wetu njiani, huingia Ziwa Albert, na kutoka huko maji huingia Nile. Sisi wa Mutwanga, wakulima wa kakao na kahawa, tunakaa upande yanakoelekea maji ya ziwa bila kuliona. Na ziwa lenyewe tunalijua kwa njia moja zaidi: samaki wa sokoni, waliopangwa mafungu juu ya jani la mgomba, wanatoka Kyavinyonge na Kasindi-Port.

Kwa hiyo historia hii si ya wageni kwetu. Ni ya jirani zetu walioishi juu ya maji yale, wakafukuzwa, wakarudi, wakaunda vyama, na mpaka leo wanalishika ziwa kwa mikono mitupu.

Jina lenyewe lina hadithi. Watu wa pande zile walikuwa wakiliita Rwitanzige, yaani ziwa linaloua nzige. Mwaka 1889 Henry Morton Stanley alipita na kulipa jina la mtoto wa malkia wa Uingereza, Albert Edward. Mwaka 1973 likaitwa Idi Amin Dada. Amin alipoanguka mwaka 1979, jina lake likaanguka naye. Wavuvi hawakuhangaika na haya yote. Kwao ni ziwa tu, na mtu akisema “naenda ziwani” hakuna anayemwuliza lipi.

Ukubwa wake ni kilomita za mraba 2,325 hivi, na sehemu kubwa, kama asilimia 70, iko upande wa Kongo. Uganda ina iliyobaki.

Uvuvi wa hapa ni wa zamani kuliko chama chochote, kuliko ufalme wowote. Katika Katanda, kando ya Semliki, watafiti Alison Brooks na John Yellen walitangaza mwaka 1995 kwamba walipata mikuki ya mfupa yenye meno, ya kuvulia samaki, yenye umri wa miaka 80,000 hivi au zaidi. Pamoja nayo kulikuwa na mifupa ya kambale wakubwa, wale wanaopanda maji ya kina kifupi wakati wa kutaga mayai. Maana yake ni kwamba watu wale walikuwa wanajua msimu wa mazalio na wakauvizia. Nami nikisikia leo komite ikigombana na vijana wanaotega nyavu mazalioni, najua kwamba ugomvi huo ni wa zamani sana. Pale Ishango penyewe, mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt alifukua mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa kwa makundi, ambao sasa uko Brussels. Wataalamu wanabishana kama ni hesabu au la. Mimi nimeangalia picha yake mara nyingi, na ninavyoona, mtu yule alikuwa anahesabu kitu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliwashambulia watu wa bonde na wa kando ya ziwa, na utawala wa Kibelgiji ukawahamisha wengi. Tarehe 21 Aprili 1925 ukafunguliwa mlango mwingine: Hifadhi ya Taifa Albert, ambayo leo inaitwa Virunga, ya kwanza katika Afrika. Ikapanuliwa mwaka 1929, ikapanuliwa tena mwaka 1935, mpaka ziwa la upande wa Kongo likawa ndani yake. Watu waliokuwa wameondolewa kwa ajili ya ugonjwa wakakuta kwamba ugonjwa ukiisha hawarudi. Hapo ndipo lilipoanzia swali ambalo halijafungwa mpaka leo: ziwa ni la nani?

Jibu la kwanza lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940, nalo lilikuwa jibu la nusu. Iliundwa COPILE, ushirika wa uvuvi wa wenyeji wa Ziwa Edward, kama namna ya kuwafidia watu wa machifu waliopoteza haki zao. Vituo vitatu viliruhusiwa ndani ya hifadhi: Vitshumbi kusini, Nyakakoma upande wa mashariki, na Kyavinyonge kaskazini, karibu na mahali Semliki inapotoka. Baada ya uhuru ushirika ukabadili jina na kuwa COPEVI. Wavuvi walipata ruhusa ya kuvua, lakini nyumba zao zilisimama juu ya ardhi isiyo yao, na samaki wao walipita mkononi mwa ushirika kabla ya kufika sokoni.

Taratibu wavuvi binafsi, wenye mitumbwi yao wenyewe, wakaanza kuvua nje ya mkono wa ushirika. Wakaunda komite zao, kituo kwa kituo, na komite zikaungana katika shirikisho linalojulikana kwa jina la FECOPEILE. Hapa ndipo ninapoanza kuona chama cha wakazi kwa maana halisi. Ushirika ulianzishwa na dola. Komite zilianzishwa na watu waliokuwa wameshikwa na wasiwasi mmoja, kwamba ziwa linapungua na mwenye kulilinda hayupo.

Nilishuka Kyavinyonge mara ya kwanza na shangazi yangu, aliyekuwa akinunua samaki wa kukaanga ili auze juu kwetu. Tulifika giza likiwa bado halijaondoka. Mitumbwi ilikuwa inarudi, taa za wavuvi zikizimwa moja moja kadiri anga lilivyofunguka. Mzee mmoja wa komite alikuwa amesimama majini mpaka magotini, daftari la shule limefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kupachikwa kifuani mwa shati. Kila mtumbwi uliofika, aliangalia namba iliyopakwa ubavuni, akaiandika. Kisha alivuta ncha ya wavu, akautandaza juu ya kiganja na kuingiza vidole katika macho yake. Vikipita bila kukaza, aliuachia. Kwa kijana mmoja vidole havikupita. Mzee hakupaza sauti. Alimwita mwanangu, akamwonyesha tundu la wavu, akamwuliza kesho atavua nini kama leo anavua watoto. Yule kijana alikunja wavu wake akaenda bila kujibu. Shangazi alinunua samaki wake, akamshukuru mzee, naye akamwambia mama, nenda salama. Sikuwa nimeelewa bado, lakini nilikuwa nimeona kazi yote ya chama kwa asubuhi ile moja: namba, wavu, na aibu ya kukaripiwa mbele ya watu.

Sheria ndogo za namna hii ndizo zinazobeba ziwa. Idadi ya mitumbwi ina kikomo kwa kila kituo. Macho ya wavu yasiwe madogo. Mazalio yasiguswe. Usipige maji ili kuwatisha samaki waingie wavuni. Kwenye karatasi haya yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ufukweni yanahitaji mtu anayeamka saa kumi usiku kila siku ya Mungu.

Sasa nije kwenye viboko, maana bila hao historia hii haieleweki. Katika miaka ya 1970 ziwa na mito yake ilikuwa na viboko karibu 30,000, kundi kubwa kuliko lolote duniani. Kiboko hula majani nchi kavu usiku na kurudi majini mchana, na kile anachokiacha majini ndicho mbolea ya ziwa. Mbolea huotesha mimea midogo ya majini, na tilapia hula mimea hiyo. Wavuvi wazee walikuwa wanalijua hili kabla mtaalamu yeyote hajawaeleza: penye viboko wengi, wavu hurudi mzito. Vita vya miaka ya 1990 na baada yake vikawamaliza. Askari wa kila upande na makundi yenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno, na kufikia mwaka 2006 walikuwa wamebaki mamia tu. Samaki wakafuata. Watu wa Kyavinyonge wakaanza kuvua usiku kucha kwa kilichokuwa kinapatikana kwa saa mbili. Mvuvi anayeua kiboko anaiba mbolea ya shamba lake mwenyewe, na komite zilichukua miaka kulifundisha hilo kwa watu wenye njaa. Ninaheshimu sana kazi hiyo. Kumwambia mwenye njaa asile si jambo la mkutano mmoja.

Ishango ilikuwa na sura nyingine: mahali pa kuogelea. Maporomoko ya Semliki yalikuwa yamewazuia mamba wasipande kutoka Ziwa Albert, kwa hiyo wageni wa hifadhi, na baadaye watu wa Beni na Butembo, walishuka kuoga na kupumzika pale mto unapotoka, viboko wakipiga mbizi ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mamba wakaanza kuonekana ziwani. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kuogelea bila wasiwasi, na vita ikafunga kilichobaki. Mtu anayesema ziwa letu halikuwahi kuwa mahali pa starehe hajawasikiliza wazee.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na mafuta. Eneo la tano la kutafutia mafuta, lililolifunika ziwa na sehemu ya hifadhi, lilitolewa kwa kampuni ya SOCO International ya Uingereza mwaka 2010. Kwa miaka minne wavuvi walisikia ahadi za barabara, shule na kazi, na wakauliza swali moja rahisi: bomba likipasuka, samaki watakuwa wapi? Shirikisho la komite za wavuvi lilikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti, pamoja na vyama vya mazingira vya Kivu, na hilo halikuwa jambo dogo katika nchi ambayo kupinga huweza kukugharimu uhai. Tarehe 15 Aprili 2014 mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi barabarani kati ya Goma na Rumangabo, akapona. Siku zilezile kampuni ilikuwa inaanza kupima chini ya ziwa kwa mitetemo. Tarehe 11 Juni 2014 ilitangaza pamoja na shirika la uhifadhi la WWF kwamba vipimo vikiisha haitachimba. Filamu iitwayo Virunga, iliyotoka mwaka huohuo, ilipeleka habari hizi mbali. Lakini kabla ya kamera kulikuwa na wavuvi waliokataa kwenye mikutano ya kijiji, na ninapenda tuwataje kwanza.

Kuhusu mpaka, nitasema kwa ufupi kwa sababu unaumiza. Mstari unaogawa ziwa hauonekani juu ya maji, na wavuvi wa Kongo wamekamatwa mara nyingi upande wa Uganda, mitumbwi na nyavu zikachukuliwa. Julai 2018 majeshi ya majini ya nchi mbili yalipigana risasi juu ya ziwa na watu wakafa. Mwaka huohuo serikali hizo zilitia saini mkataba wa uvuvi wa maziwa Edward na Albert. Upande wetu, ufuko wa magharibi, kutoka Kamandi mpaka Lunyasenge, una vituo ambavyo havikuruhusiwa kamwe, na makundi yenye silaha hutoza kila mtumbwi. Komite haina bunduki. Inayo daftari, na daftari halizuii mtu mwenye bunduki.

Mutwanga tumejifunza hilo pia kwa namna yetu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mauaji ya waasi wa ADF yameikumba sekta ya Ruwenzori, kakao ikabaki mitini kwa sababu wenye mashamba wamekimbia. Umeme wa mtambo wetu, uliozinduliwa mwaka 2013 kwa maji ya mlima, uliendelea kuwaka katika nyumba ambazo wenyewe hawakuwamo. Kwa hiyo niliposikia mwaka 2024 kwamba waasi wa M23 wameingia Vitshumbi, kisha Nyakakoma, sikushangaa kusikia kwamba wavuvi walipanda mitumbwi kuelekea kaskazini, kwetu. Vituo viwili kati ya vitatu vya tangu enzi ya COPILE vilikuwa vimetoka mkononi. Kyavinyonge ikapokea watu na mitumbwi kuliko namba zake.

Hapo ukarudi ugomvi wa zamani kwa nguvu mpya. Je, mtu aliyekimbia na mtumbwi wake tu, aambiwe hana namba? Komite ilikuwa na kikomo. Mkimbizi alikuwa na watoto. Siwezi kuwalaumu waliofungua daftari na kuongeza mistari, na siwezi kuwalaumu waliokataa.

Aprili 2025 kimeta kikaua viboko zaidi ya 50 katika mto Ishasha na ziwani, mizoga ikaelea majini. Hifadhi ilikuwa na viboko 1,200 hivi wakati huo, matunda ya miaka karibu ishirini ya kuwalinda. Watu waliambiwa wasile nyama ile na wachemshe maji. Wavuvi walikuwa wa kwanza kukutana na mizoga, kwa kuwa alfajiri hakuna mwingine ziwani. Wiki ile samaki hawakununuliwa vizuri sokoni Mutwanga. Kila mama aliuliza wametoka wapi, na kila muuzaji alijibu Kyavinyonge, kwa haraka.

Nilinunua fungu la tilapia watatu. Walikuwa wadogo kuliko wale wa shangazi, lakini nilipowageuza kwa kidole niliona wamekomaa, majike yakiwa yamekwisha kutaga. Mtu fulani, asubuhi ile, alikuwa amepima wavu.