Baba na Mama wa Musonoi: Wito Uliowakuta Watu Wazima wa Katanga

Mwaka 2025 ilitimia miaka 80 tangu kitabu kidogo kitoke katika mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Kiliitwa La Philosophie bantoue, na mwandishi wake alikuwa Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Wanafalsafa wa Afrika hawajaacha kukigombania: wako wanaokishukuru kwa kukiri kwamba Mwafrika ana fikra zake zenye mpangilio, na wako wanaokilaumu kwa kuwafunga Waafrika wote katika fikra moja. Lakini kwa Wakatoliki wa Katanga, jambo zito zaidi lilikuja miaka minane baada ya kitabu. Lilianzia katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi ya Musonoi, jirani na Kolwezi, na waliolibeba walikuwa waume na wake wenye watoto, kazi na uchovu wa zamu. Liliitwa Jamaa.

Katika parokia zetu, wito huhubiriwa kwa watoto. Mvulana hupelekwa seminari ndogo, msichana huonyeshwa njia ya masista, na anayefika utu uzima bila kuitika huhesabiwa kuwa ameshapitwa. Basi mtu wa miaka 40, mwenye mke na watoto sita, akisema Mungu anamwita ajitoe mzima, aende wapi? Sheria ya Kanisa, ile ya 1917 na hii ya 1983, inamfungia unovisi maadamu ndoa yake ipo. Kwa upadri wa Kanisa la Kilatini, mlango ni uleule.

Musonoi ilitoa jibu lake.

Habari za jibu hilo tumeachiwa hasa na watafiti wawili. Wa kwanza ni Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Katanga mwaka 1966 na 1967, akachapisha kitabu chake juu ya Jamaa mwaka 1971. Wa pili ni Willy De Craemer, Mjesuiti na mwanasosholojia, ambaye kitabu chake kilitoka 1977. Wote wawili waliwasikiliza wanajamaa wenyewe, na makala haya yanawafuata.

Tempels alizaliwa Berlaar mwaka 1906, akapewa upadri 1930, akafika Kongo 1933. Baadaye, katika kitabu chake Notre rencontre cha 1962, alieleza bila kujificha kwamba miaka yake ya kwanza aliishi kama bwana: yeye alikuwa na ukweli wote, watu kazi yao ilikuwa kusikiliza na kutii. Ilimchukua takribani miaka kumi kuanza kuwauliza wao ni nani na wanatamani nini. Majibu aliyopata ndiyo yaliyozaa kitabu cha 1945, kilichotafsiriwa kwa Kifaransa na wakili Antoine Rubbens.

Kitabu hicho kilimkasirisha Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeliongoza Kanisa la Élisabethville tangu 1910. Kwa de Hemptinne, kazi ya misheni ilikuwa kuleta ustaarabu wa Ulaya pamoja na ubatizo, na mmisionari aliyesema kwamba Wabantu tayari walikuwa na hekima iliyokamilika alikuwa anaubomoa msingi huo. Alitaka Roma ikihukumu kitabu. Tempels alikwenda Ubelgiji 1946, na hakurejea Kongo hadi 1949. Mwaka huohuo Alioune Diop wa Senegali alikichapa upya Paris chini ya Présence Africaine.

Aliporudi, alitumwa kwa watu wa migodini. Hapa historia ya kampuni inaingia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya Katanga, ilikuwa imeacha kutegemea vibarua wa mikataba mifupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao katika kambi zake, wakapewa nyumba, posho ya chakula na zahanati, na watoto wao shule chini ya wamisionari. Kampuni ilitaka mfanyakazi aliyetulia. Wengi wa waliotulia walikuwa wametoka mbali, Kasai na kwingineko, wakiwa wameacha nyuma wazazi, wajomba na wazee wa kuwashauri. Ndani ya nyumba za kambi walibaki wawili, mume na mke, katika mji usio na ukoo wao.

Ndiyo maana mwaka 1953 mafundisho ya Tempels yalishika haraka. Yalisimama juu ya mawazo matatu ambayo kila mwanajamaa aliyajua: uzima, uzazi na mapendo. Mtu anatamani kuishi kwa nguvu, anatamani kuzaa, anatamani kupendwa na kupenda, na Injili haikuja kuzima matamanio hayo bali kuyatimiza. Mwanamume hakupokewa peke yake, wala mwanamke peke yake. Walianza kwa kufunguliana mioyo, mume akimwambia mkewe mambo ambayo katika miaka mingi ya ndoa hakuwahi kumwambia. Kisha mume na mke waliowatangulia waliwaongoza hatua kwa hatua: njia ya kwanza, njia ya pili, njia ya tatu. Walisimulia hata ndoto zao, nazo zikapimwa kama dalili za safari yao. Hawakuhesabiwa baba na mama kamili mpaka nao wawe wamewazaa wengine kiroho.

Yote hayo yalifanyika kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian alirekodi mafundisho hayo, na katika kurasa zake mtu anaona watu wasio na cheo cha Kanisa wakifafanua uumbaji, Bikira Maria na ukombozi kwa ufasaha wa katekista mkongwe.

Kisha likaja jambo lililowashangaza wengi: mapadri nao waliomba kuingia. Kwa kuwa hakuna aliyeingia bila kuzaliwa na baba na mama, padri wa Kizungu aliyesomea teolojia miaka mingi alikaa mbele ya mchimba madini na mkewe, akawafungulia moyo, akawa mtoto wao. Jumapili mchimba madini yuleyule alipiga magoti akapokea komunyo kutoka mikononi mwa mtoto wake wa kiroho. Ilikuwa Kongo ya kikoloni, ambamo hata mitaa ya Wazungu na ya Waafrika ilitengwa. Hakuna mahali pengine pa Katanga ambapo Mwafrika aliyeajiriwa na kampuni angeitwa baba na Mzungu aliyevaa kanzu, na kuitwa kwa moyo wote.

Papo hapo ndipo ugomvi ulipojificha. Mapadri waliobaki nje walijiuliza nani sasa anaongoza parokia. Wenzao walioingia walikuwa na siri ambazo wao hawakuzijua, na waamini wengine walilalamika kwamba padri wao amekuwa wa Jamaa kabla ya kuwa wa watu wote. Mafundisho ya njia yalitolewa faraghani, na faragha ikazaa uvumi. Likatokea pia tawi lililoitwa Katete, ambalo wafuasi wake walishutumiwa kwamba wameugeuza umoja wa roho kuwa umoja wa miili. Wanajamaa wengi walilikana tawi hilo kwa uchungu, lakini doa lilishawapaka wote.

Tempels hakuwepo kuwatetea. Aliondoka Kongo 1962 kwa mara ya mwisho, akaishi Ubelgiji hadi alipofariki Hasselt mwaka 1977. Jamaa ilikuwa imeshaenea bila yeye katika miji ya shaba na hadi Kasai, hata Lubumbashi, ambako Eugène Kabanga alikuwa Askofu Mkuu tangu 1967. Mnamo 1973 maaskofu walifikia uamuzi mkali: wanajamaa waikane Jamaa kwa kiapo. Wapo waliotii huku wakilia. Wapo waliokataa, wakanyimwa sakramenti, wakaendelea kusali majumbani wakijiita Wakatoliki.

Maaskofu walikuwa na sababu. Mchungaji anayesikia habari za Katete hawezi kunyamaza, na hakuna Kanisa linaloweza kuishi na mapadri wenye utii wa aina mbili. Hata hivyo adhabu iliwaangukia wote, pamoja na wazee waaminifu ambao kosa lao lilikuwa kuitika wakiwa wameshaoa na kuolewa. Katika muongo huohuo, kule Kinshasa, Kardinali Joseph Malula alifuata njia nyingine: aliwakabidhi walei wenye ndoa na ajira, walioitwa bakambi, uongozi wa parokia. Nchi ilikuwa moja na Kanisa moja, na watu wenyewe walikuwa wa umri uleule. Kinshasa walipewa parokia. Katanga walipewa kiapo cha kukana.

Na Kabanga huyohuyo, mwaka 1976, aliandika barua ya kichungaji ya kijasiri dhidi ya ufisadi wa utawala wa Mobutu, akaipa jina ambalo kwa Kiswahili ni Mimi ni mtu. Wanajamaa walikuwa wamelifundisha jambo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Yaliyofuata hayana mengi yaliyoandikwa. Fabian aliporudi Lubumbashi katikati ya miaka ya 1980 alikuta vikundi vya karismatiki vimeshamiri. Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, iliporomoka, kambi zikachakaa.

Kwa mtu mwenye ndoa anayeitwa, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulirudisha ushemasi wa kudumu, na sheria ya leo inamruhusu mwanamume mwenye ndoa kuupokea akifikisha miaka 35, mkewe akikubali. Mke anaombwa kibali tu. Katika Jamaa, mke alikuwa nusu ya wito. Hilo ndilo Kanisa la Katanga limelisahau, na ni hasara yake. Jina la Tempels linafundishwa katika vyuo vya falsafa hadi Ulaya, ilhali waliomfundisha yeye, wale baba na mama wa Musonoi, hawamo katika somo lolote la wito. Waliokuwa na miaka 30 mwaka 1960 sasa wanaikaribia 100. Majimbo ya Lubumbashi na Kolwezi yanaweza, mwaka huu huu, kuwatuma waseminari majumbani mwa waliobaki, wakae nao, wawasikilize na kuandika wanayosema.