Ile kwikwi ya klarineti si mbwembwe
Sikubaliani na wasee wanaoita madoido ya klezmer mbwembwe tu. Huu ni muziki wa harusi za Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mpiga klarineti anakata sauti ghafla, inatoka kama kwikwi ya mtu anayelia. Kwa Kiyidi inaitwa krekhts, yaani kuugulia. Huwezi iandika kwenye noti ikatosha, unaisikiza, unaiga.

Naftule Brandwein alihamia Marekani 1908, akarekodi santuri New York miaka ya 1920. Halafu Wanazi wakaua Wayahudi karibu milioni 6, wanamuziki wakiwemo. Vijana waliofufua klezmer Marekani miaka ya 1970 walijifunza kwikwi hiyo kwa santuri kama zake. Kama zingebaki karatasi pekee, tungekuwa na wimbo bila kilio chake.