Kijana wa Dukani: Jinsi Wahindi wa Afrika Mashariki Walivyorithishana Biashara

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Mhindi mwenye duka Unguja, Bagamoyo au Mombasa akihitaji msaidizi hakumtafuta mtaani. Aliandika barua Kutch au Kathiawar, huko India, na jibu likamfikia kwa jahazi wakati wa kaskazi: mtoto wa kaka yake, mdogo wa mkewe, au kijana wa kijiji kimoja naye ambaye wazazi wake walijulikana. Wengi wao walikuwa hawajaota ndevu. Kuanzia mwaka 1872, meli za barua za kampuni ya British India zilipoanza kufika Unguja, safari hiyo haikungoja tena msimu wa upepo, na idadi ya vijana hao ikaongezeka.

Sababu ya kumtaka ndugu ilikuwa mkopo kuliko mapenzi ya ukoo. Duka la pwani lilipata amerikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba kutoka kwa matajiri wa Bombay na nyumba za biashara za Kizungu zilizokuwa Unguja, nalo lililipa baada ya miezi mingi, pembe za ndovu zikishateremka kutoka bara. Duka la bara nalo lilichukua mali kauli kutoka pwani, na mchuuzi wa kijijini akachukua kwa duka la bara. Kila mmoja alimdai aliye chini yake na kudaiwa na aliye juu yake, na dhamana ilikuwa jina tu. Msaidizi akitoroka na bidhaa za wiki nane, mwenye duka hakuwa na mahakama ya kukimbilia huko Tabora au Ujiji. Kijana wa ukoo alikuwa na baba Kutch, na baba huyo aliweza kuulizwa.

Daftari nalo lilikuwa na lake. Hesabu ziliandikwa Kigujarati, kwa mkato wa wafanyabiashara ambao hata msomi wa lugha hiyo angeweza kushindwa kuufuata, hivyo aliyeweza kuusoma alikuwa mtu wa ndani. Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilipotaka mwaka 1923 hesabu za biashara ziandikwe kwa lugha ambazo maofisa wake wangeweza kuzikagua, wenye maduka wa Kihindi walifunga milango kwa wiki kadhaa kupinga. Kwa kawaida mgomo huo huelezwa kama ugomvi wa kodi, nao ulikuwa hivyo. Lakini amri ile pia iligusa kitu ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimefunzwa ndani ya ukoo peke yake.

Kazi ya kijana ilianzia chini kabisa. Alilala dukani, chini ya meza au juu ya magunia, akiwa mlinzi usiku na mfagizi alfajiri. Alipima chumvi, akakata nguo kwa mkono, akajifunza Kiswahili kwa wateja, na akiwa bara akaongeza Kinyamwezi, Kikamba au Kiganda. Baadaye alipewa kalamu aandike mauzo ya siku, kisha akatumwa kudai madeni. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyompima. Anayedai vibaya huwafukuza wateja, na anayedai kwa upole kupita kiasi hurudi mikono mitupu. Mshahara haukupita mkononi mwake. Ulikuwa mstari katika daftari la tajiri, ukikatwa nauli ya meli, chakula na malazi. Mpango huo ulikuwa na dhuluma zake, kwa kuwa mpwa asingeweza kumfikisha mjomba mbele ya hakimu, na baadhi ya vijana walitumika miaka bila kuambiwa wanadai kiasi gani.

Mkubwa akiridhika, hakumkabidhi kijana duka lake mwenyewe. Alimfungulia jingine, safari ya siku kadhaa kutoka hapo, kwa bidhaa za mali kauli. Uongozi ulianzia mbali na jicho la mkubwa. Kijana alichagua bidhaa, akamkopesha amtakaye, na faida iliyobaki baada ya kulipa deni ikawa yake au wakagawana. Likifilisika, hasara ilikuwa ya duka moja. Likisimama, baada ya miaka michache naye aliandika barua Kutch kuomba msaidizi.

Aliyeutumia mpango huu kwa upana kuliko wote ni Allidina Visram, Khoja wa Kiismaili kutoka Kera, Kutch, aliyefika pwani akiwa kijana na kuanza kazi chini ya Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo. Sewa Haji alikuwa msambazaji mkubwa wa wapagazi na bidhaa za misafara, na hospitali aliyoifadhili Dar es Salaam ilikuwa mtangulizi wa Muhimbili ya leo. Baada ya kifo cha Sewa Haji mwaka 1897, Allidina alisogea kaskazini na kuifuata reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 hadi ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Stesheni ikifunguliwa, duka lake lilifuata. Akafika Kampala na Jinja, akaingia katika uchambuaji wa pamba, na makao yake yakawa Mombasa.

Alipofariki mwaka 1916 alikuwa na maduka na matawi zaidi ya 100, mengi yakiendeshwa na vijana aliowaleta mwenyewe kutoka India. Baadhi walikuwa ndugu, na wengine walikuwa watu wa jamaati yake, ambao kwa shughuli za mkopo walihesabiwa kama ndugu. Wengi waliondoka baada ya muda na kusimama peke yao kwa mkopo wake, na Allidina hakuwazuia. Mteja aliyewahi kuwa msaidizi wake aliendelea kununua kwake.

Mambo yalikwama pale jumla ya biashara hiyo ilipohamia kwa mtu mmoja. Mwanawe, Abdulrasul, alirithi maduka yote pamoja na madeni, yale aliyodai na yale aliyodaiwa. Sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa maandishi ya daftarini, ahadi za watu waliotawanyika kutoka pwani hadi Uganda, ambao walikuwa wamemuahidi baba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bei za mazao zilianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 rupia ikaondolewa, ikaja florini na kisha shilingi. Abdulrasul alifariki mwaka 1923, na kampuni haikudumu. Kumbukumbu kubwa ya urithi huo ni shule ya sekondari ya Mombasa aliyoifadhili kwa jina la baba yake. Ni haki kumtetea mwana huyu: hakuna anayeweza kurithi kwa siku moja imani ambayo mwenzake aliijenga kwa miaka hamsini.

Ukoo wa Madhvani ulipita njia nyingine. Muljibhai Madhvani alifika Uganda mwaka 1908, naye angali kijana, kufanya kazi katika biashara ya Vithaldas Haridas, mtu wa ukoo wake, upande wa Busoga. Alipewa tawi la Jinja alisimamie, akapanda hadi kuwa mwenye sauti katika kampuni yote, na mwaka 1930 kiwanda cha sukari cha Kakira kikaanza kazi. Alipofariki mwaka 1958, mwanawe Jayant alikuwa na miaka 36 na alikuwa ameshaizoea kazi hiyo. Wadogo zake nao walikuwa na nafasi zao, hivyo Jayant alipofariki mwaka 1971 usukani haukukosa mshikaji.

Kwa Wahindu kama akina Madhvani, sheria ya ukoo wa pamoja ilisaidia, kwa kuwa mali ilihesabiwa ya ndugu wote chini ya mkubwa wao, na kifo hakikulazimisha igawanywe. Kuanzia miaka ya 1930 familia nyingi, za dini zote, zilisajili kampuni zenye hisa, na nafasi ya mpwa ikaweza kuandikwa kwenye karatasi badala ya kutegemea kauli. Wanawake hawakuonekana sana katika karatasi hizo, ingawa katika maduka madogo ya bara mke ndiye aliyekuwa mezani mumewe akienda kununua mazao, na si mjane mmoja wala wawili waliolishika duka hadi mtoto wa kiume akakua.

Shule ndiyo iliyokata mnyororo huu, kabla hata ya siasa. Baba aliyeanza kwa kulala juu ya magunia alimpeleka mwanawe kusomea uhasibu au udaktari, na mwana hakurudi Singida kupima sukari. Siasa zilikuja kumalizia. Kenya ilipitisha mwaka 1967 sheria ya leseni iliyowabana wasio raia kwa maeneo na kwa bidhaa. Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waliofika Leicester na London walifungua maduka ya mtaani, na watoto wakasimama tena mezani baada ya saa za shule, lakini kwa wengi kazi hiyo ilikuwa ya kusubiri chuo.

Mpango wenyewe ulibaki Afrika Mashariki mikononi mwa wengine, baadhi yao wakiwa waliowahi kuwa wasaidizi katika maduka ya Wahindi. Wakinga wa Makete huwachukua vijana wa nyumbani wakaanze kama wauzaji Mbeya, Iringa au Kariakoo, na baada ya miaka kadhaa ya uaminifu humfungulia kijana duka lake kwa mali kauli. Wapemba waliotapakaa Dar es Salaam na miji ya bara hufanya vivyo hivyo kwa wadogo zao. Hesabu sasa huandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi kwenye simu, na malipo ya kijana bado hujadiliwa ndani ya familia bila mkataba.