Historia ya Kuiokoa Seva, Kutoka Diski hadi Nyaya za Baharini

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, na kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa kama diski au kadi ya mtandao. Kwa kuwa viendeshi vingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, yaani sehemu inayotawala kumbukumbu na vifaa vyote, kasoro ya kimoja huweza kuiangusha seva nzima, ikawa inajiwasha na kuanguka tena kabla fundi hajapata nafasi ya kukiondoa.

Tiba yake ilijengwa hatua kwa hatua. Windows NT ya mwaka 1993 ilihifadhi mipangilio ya mara ya mwisho mfumo ulipowaka vizuri, ili fundi aweze kuirudia. Windows 95 ikaleta hali salama, inayowasha kompyuta kwa viendeshi vya lazima tu, nayo ikaingia katika seva kupitia Windows 2000. Msingi wa njia zote mbili ni mmoja, kwamba anayeokoa hana budi kuwa na mahali pa kurudi.

Njia ya kupata viendeshi nayo ilibadilika. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole, hivyo katika miji ya bara kama Nakuru kiendeshi kiliwekwa zaidi kutoka kwenye diski, na aliyekiweka alijua alichokibadilisha. Nyaya ziliyarahisisha masasisho yanayojiweka yenyewe, hata badiliko likaweza kuingia pasipo mwenye seva kufahamu.

Hatari hiyo ilidhihirika Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilipotuma faili yenye kasoro iliyosomwa na kiendeshi cha programu yake ya ulinzi. Faili hiyo iliondolewa saa 2:27, lakini kompyuta takribani milioni 8.5 duniani zilikuwa zimeathirika, na nyingi zilimhitaji fundi azifikie moja moja, aziwashe katika hali salama na kuifuta.

Kwa hiyo mwenye seva katika mtaa wa Free Area huko Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, anapaswa kuweka nakala nje ya seva, kuandika kila badiliko, na kujaribu kiendeshi kipya kwenye mashine moja kabla ya nyingine.